Mama mkwe wangu wa Mbita, mvua, na unga wa biskuti za Krismasi usiokandwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi nikicheka peke yangu nyuma ya kaunta, leo na mimi nimeamua kuleta yangu. Mke wangu ameketi kando yangu anasoma kila mstari ninaoandika, na yeye alikuwepo, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitapigwa kiwiko.

Kwanza mnijue kidogo.

Naitwa Chacha. Ni Mkuria wa Ntimaru, lakini maisha yangu ya utu uzima yote yamekuwa Migori mjini. Kazi yangu ni kuoka. Keki za harusi, keki za birthday, mikate ya maziwa, na ikifika Desemba, shortbread za viungo.

Nitasema bila aibu: shortbread zangu ni tamu. Mtu akionja moja anaanza kuuliza kama naweza kumfungia za kupeleka ushago, kijijini kwao. Kizuri chajiuza, mimi kazi yangu ni kufungua duka tu.

Kwa wasiojua, shortbread ni biskuti rahisi kuliko zote na ndiyo inayoaibisha watu kuliko zote. Unga, siagi, sukari, basi. Hakuna mayai, hakuna maji, hakuna baking powder. Sehemu tatu za unga, mbili za siagi, moja ya sukari. Nikisema siagi namaanisha siagi ya maziwa, sio majarini ya kupaka mkate.

Mimi naongeza mdalasini, tangawizi kavu, iliki, na karafuu kidogo sana. Viungo nachukua kwa Bi Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu kutoka pwani mwenye duka hapa mjini, ambaye hutwanga iliki mbele yako ndio uamini. Yeye ndiye aliyenionya kuhusu karafuu. Ikizidi, biskuti inakuwa na ladha ya dawa ya meno.

Halafu kuna sheria moja ambayo haina mjadala. Huu unga haukandwi. Unausugua na siagi kwa ncha za vidole mpaka uwe kama mchanga, unaukusanya pole pole mpaka ushikane, unaachana nao. Ukiukanda kama wa chapati, biskuti inatoka ngumu hata mbwa ataiangalia mara mbili.

Haya. Sasa tuingie kwenye kisa.

Mke wangu anaitwa Awino. Ni Mjaluo wa Mbita, kule Homa Bay, upande wa kivuko cha kwenda visiwani. Tulikutana Migori, tukapendana, nikapeleka wazee kwao, taratibu zikafanyika. Mama yake alikubali.

Alikubali kwa mdomo. Moyo wake sikuuona siku hiyo, na sikuuona kwa muda mrefu baadaye.

Mama mkwe wangu ni mjane na ameuza samaki maisha yake yote. Amesomesha watoto kwa ngege na omena. Kwake yeye, mwanaume ni mtu wa kuvua, au kulima, au kufundisha, au hata kuuza mitumba sokoni. Mwanaume wa kuchora maua ya sukari juu ya keki, hapo aliona binti yake amepotea njia.

Kina mama wa kanisani wakimuuliza mkwe wake anafanya nini, alikuwa anajibu, "Yuko Migori."

Wakisema sawa, Migori anafanya nini, anajibu, "Migori ni town kubwa."

Anabadilisha mazungumzo hapo hapo.

Mimi nina ngozi ngumu. Nimeitwa majina mengi kwa sababu ya apron na bado ada za shule zinalipwa. Lakini Awino alikuwa anacheka na sisi sote kule Mbita, halafu tukirudi Migori anakaa kimya siku nzima. Alitaka mama yake anione mimi kama mtu. Hilo tu. Na mwanamke akikupenda mpaka akose raha kwa ajili yako, huwezi kujifanya hujali.

Kuna kitu kingine lazima mkielewe, la sivyo uzi huu hautawaingia.

Kule, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Ni heshima. Hamsalimiani kwa mkono. Hamketi mkitazamana. Hulali ndani ya boma lake, ndio maana mimi na Awino tukienda Mbita tunapanga chumba mjini. Na jikoni kwake huingii. Hata kizingiti hukanyagi.

Vijana wa Nairobi mtasema hayo ni mambo ya kale. Sawa. Kwetu Kuria ni hivyo hivyo, pengine zaidi, kwa hivyo mimi sikuona ajabu yoyote.

Maneno yetu yote, hata ya simu, yalipita kwa Awino. Mama akitaka kuniambia kitu anasema, "Mwambie ora," yaani mkwe wangu. Mimi najibu, "Mwambie Mama." Tuko hatua chache tu, tunasikiana vizuri kabisa, lakini Awino lazima arudie kila neno kama spika ya kanisa.

Sasa Krismasi hii iliyopita, Awino akaenda akatangaza mbele ya kanisa la mama yake kwamba sisi ndio tutaleta biskuti za watoto wa Sunday school.

Hakuniuliza. Alinipigia simu baada ya kutangaza.

Nikamwambia, "Mbona unaahidi watu kabla hujaniambia?"

Akasema, "Mama alikuwa ameketi bench ya mbele. Nilitaka asikie nikitaja kazi yako kwa mic."

Nikafunga oda za wateja mapema, nikaanza kuoka.

Nilioka kama mtu anayefanya mtihani. Nyota, kengele, miti ya Krismasi. Icing nyeupe kama kitambaa cha madhabahu, nyekundu kwa kengele, kijani kwa miti. Nilizipanga kwa ndoo mbili kubwa zenye vifuniko. Nikazitazama nikasema, leo mama ataniita kwa jina.

Wakuu, hapo ndipo niliteleza. Shortbread haipangwi kwenye ndoo. Inalazwa kwenye boksi, safu moja moja, na karatasi katikati. Najua hivyo. Nafundisha vijana hivyo. Lakini ndoo ina mshikio na mimi nilikuwa na mizigo mingi.

Lami ilikuwa nzuri mpaka Mbita. Kutoka Mbita mpaka kwa mama ni pikipiki, barabara ya mawe, jua la ziwa linachoma mpaka utosini.

Tulifika asubuhi ya siku ya kuamkia Krismasi. Awino akafungua ndoo ya kwanza mbele ya mama yake kwa furaha.

Ndani kulikuwa na vumbi tamu. Nyota hazikuwepo. Kengele hazikuwepo. Icing ilikuwa imeyeyuka ikashika vipande vyote vikawa tope la rangi tatu. Ndoo ya pili ilikuwa na vipande vikubwa kidogo.

Mama mkwe alichungulia kutoka mbali, kwa heshima. Akamwambia binti yake, na akasema kwa Kiswahili makusudi ili isinipite:

"Mwambie ora asante. Alitoa unga Migori, na unga imefika."

Ouma, shemeji yangu, kaka yake Awino, alikimbia nyuma ya nyumba akacheke vizuri.

Mimi pia ningecheka kama ingekuwa ni ya mtu mwingine. Lakini nilimwona Awino akifunika ile ndoo pole pole, na nikajua siku hiyo haiwezi kuisha hivyo.

Akaninong'oneza, "Twende town tununue biskuti za duka. Watoto hawatajua."

Nikamwambia watoto hawatajua lakini mama atajua. Nikamwambia aniulizie sufuria kubwa kuliko zote bomani, na Ouma anitafutie mchanga mkavu wa ufukweni.

(Naona mkuu mmoja hapo chini ameshaanza kuuliza kama nilitumia majarini ndio zikavunjika. Ndugu, soma uzi kutoka juu.)

Nikarudi Mbita mjini na pikipiki ile ile. Unga na sukari hiyo haina shida. Siagi ya maziwa ndiyo ilinizungusha. Nikaipata kwenye duka moja lenye friji, nikabeba zote walizokuwa nazo. Viungo nilikuwa navyo, kikopo changu hakitoki kwenye begi. Icing sugar nilikuwa nimebeba pakiti ya ziada. Vikatio vya nyota na kengele ndivyo vilibaki Migori juu ya meza.

Nikajiambia, kisu kipo. Na hapa ni Mbita. Nani anataka nyota? Nitawakatia watoto samaki.

Sasa pa kuokea. Jikoni kwa mama, nimeshawaeleza. Simba ya Ouma, yaani nyumba yake ya ujana, imeezekwa kwa nyasi, na hakuna mtu mwenye akili timamu angeniruhusu kuweka makaa mekundu humo. Kwa hivyo nikajenga oveni yangu nje uani, karibu na jikoni, chini ya anga la Mungu.

Oveni hiyo wengi mnaijua. Sufuria kubwa ya kupikia watu wa matanga, mchanga ndani, vijiwe vitatu juu ya mchanga, trei juu ya vijiwe. Makaa chini, mfuniko wa bati, makaa mengine juu ya mfuniko. Inataka macho na pua. Ukisikia siagi inanukia kama karanga, toa.

Trei ya kwanza ikatoka vizuri. Rangi ya dhahabu, kingo zimekaa, harufu ya iliki imejaa boma zima. Kuku wa mama waliacha kazi zao wakaja kusimama karibu.

Nikatandaza icing kwenye samaki mmoja kama sampuli. Nikampa jicho, mkia na mapezi.

Mama alikuwa ndani ya jikoni, dirishani. Akamwita Awino.

"Muulize ora, hiyo ni samaki ama ni kiatu?"

Awino akanitazama. Nikamwambia, mwambie Mama ni ngege.

"Mwambie hiyo ngege ni mgonjwa."

Nilikuwa na unga mwingi unaningoja. Ile trei ilikuwa ya majaribio tu. Kwenye karai kubwa nilikuwa nimeshasugua unga wote uliobaki na siagi, uko kama mchanga mwepesi, umebaki kukusanywa tu. Hilo karai ndilo lilikuwa Krismasi ya watoto wote. Na siagi haikuwepo nyingine Mbita nzima.

Hapo mvua ikaja.

Mnaoishi kando ya ziwa mnajua. Haikupi notisi. Unaona weusi upande wa visiwa, unasema itapita, halafu iko juu ya kichwa chako.

Awino alinyakua karai akaingia nalo jikoni kwa mama yake. Mimi nikaondoa makaa ya juu kabla hayajazimika, nikafunika sufuria, nikaisukuma pamoja na jiko lake mpaka chini ya ukingo wa paa la jikoni. Pale mabati yanatokeza kidogo tu. Jiko likapata pa kujificha. Mimi nusu ya mgongo ilikuwa nje inapigwa na mvua.

Awino akatoka mbio tena, nguo za mama zilikuwa kwenye kamba na gunia la makaa lilikuwa wazi upande wa pili wa nyumba kubwa. Ouma alikuwa ameenda kanisani kupanga viti.

Kwa hivyo sasa mpige picha. Ndani ya jikoni yuko mama mkwe na karai langu. Nje ya dirisha niko mimi, nimelowa, nimesimama na kuku mmoja mwekundu aliyekimbilia hapo na yeye. Katikati ni ukuta wa udongo na dirisha dogo lenye kitambaa. Na hakuna mtu wa kupeleka maneno.

Nikasikia maji yakimwagwa ndani ya chombo.

Nikasema moyoni, anaosha mikono.

Kisha nikasikia pa. Pa. Pa.

Wakuu, mimi nimekaa na unga miaka. Ule mlio naujua hata nikiwa usingizini. Ni mlio wa ngumi za mama wa Kiafrika zikiingia kwenye unga wa chapati.

Mama mkwe alikuwa anakanda shortbread yangu.

Nilimtafuta Awino kwa macho, simuoni. Nilifikiria kupaza sauti nimwite, lakini mvua kwenye mabati ilikuwa inanguruma, hangesikia.

Na mimi kumwambia mama mkwe acha? Moja kwa moja? Nikimkatiza jikoni kwake, mkono wake ukiwa kazini? Kwetu ningetozwa mbuzi, na bado watu wangeisimulia kwenye harusi ya mjukuu wangu.

Pa. Pa.

Kunyamaza kulikuwa na maana yake pia. Kesho asubuhi watoto wangeuma mawe, kina mama wangesema ni za mkwe wa Migori, na mke wangu angefunika ndoo tena.

Nikamwangalia yule kuku.

Kuku akaniangalia.

Nikamwambia kwa sauti kubwa, naapa mbele yenu, "Wewe kuku! Unajua huu unga haukandwi?"

Mapigo yakasimama.

Mvua ilikuwa inaendelea. Nikajua nimejiua. Lakini mtu akishaingia majini haulizi kina, nikaendelea na kuku wangu.

"Kuku, huu unga unaonekana kama haujakamilika, lakini uko sawa hivyo hivyo. Hautaki maji. Ukipigwa unakasirika, biskuti inakuwa ngumu. Unakusanywa tu pole pole, kama mtu anayeokota vifaranga."



Niliwaza pa kuishi kama Awino angenifukuza.

Kisha sauti ikatoka ndani, taratibu kabisa.

"Kuku."

Yule kuku aligeuza shingo, sitanii.

"Kuku, muulize huyo mtu, kama hii unga haikandwi, kwa nini aliacha imetawanyika hivi? Mimi niliona mvua imemharibia kazi. Nikasema nimsaidie, asiaibike tena."

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimesimama pale nikidhani mama anaharibu. Kumbe ameona unga umetawanyika kama mchanga, akaona mkwe wake ataaibika mara ya pili siku moja, akakunja mikono ya nguo yake aniokoe. Alifanya kile ambacho kila mwanamke wa pande hizi angefanya akikuta unga haujashikana. Akatia maji, akatia nguvu.

Nikasema, "Kuku, mwambie Mama asante. Mwambie nimeshukuru sana. Muulize amekanda kiasi gani."

"Kuku, mwambie nusu. Hii nusu ingine bado sijaguza."

"Kuku, mwambie Mama Mungu ni mkubwa."

Na hapo, wakuu, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia tangu nimuoe Awino. Mama mkwe alicheka. Alianza kama mtu anayekohoa, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaita Nyasaye, yaani Mungu. Mimi nikaegemea ukuta nikacheka na mgongo wangu uliolowa.

Alipomaliza akasema, "Haya. Mwambie anifunze hii nusu."

Nikamfunza kupitia dirisha. Nilimwambia kuku aweke mikono yake kwenye maji baridi kwanza, aifute. Kuku asikandamize. Kuku akusanye kutoka pembeni kuja katikati. Kuku akifika mahali unga umeshikana kama mchanga wa ufukweni wenye unyevu, aache. Mama alikuwa anajibu kila kitu, "Kuku ameweka. Kuku ameacha." Mikono yake ni myepesi ajabu. Nimefundisha vijana wenye vyeti ambao walichukua wiki nzima kuacha kubonyeza. Yeye alielewa papo hapo, nami sikumficha, nilimsifu.

Halafu ikawa zamu yake.

Akasema, "Sasa hii samaki. Nani alikufunza samaki?"

Nikakubali kwamba Ntimaru tuna mahindi na ng'ombe, samaki tunaonana nao sokoni wakiwa wamekaangwa.

"Ndio maana. Ngege mgongo iko juu, kama mtu amebeba mzigo. Na hiyo pezi ya juu inatoka hapa karibu na kichwa inaenda mpaka nyuma, iko na miiba. Wewe umemwekea kama ya ndege. Lete kisu."

Niliweka kisu juu ya kizingiti cha dirisha, nikaondoa mkono wangu, ndipo yeye akakichukua. Hata katikati ya yale yote hatukugusana. Heshima ilikaa mahali pake.

Alikata ngege, wakuu. Alikata mbuta, yaani sangara, mwenye mdomo mkubwa na wa chini umetokeza kidogo, kama walivyo kweli. Mkono ambao umepara samaki miaka yote hiyo haukuhitaji kuchora kwanza. Mimi nilipokea trei juu ya kizingiti, nikaoka kwenye sufuria yangu chini ya paa, nikarudisha zikiwa zimeiva. Nikamchanganyia icing, nikamwonyesha jinsi ya kukata kona ya mfuko wa nailoni ili itoke kama uzi. Akachora magamba. Moja moja, kwa kijiti.

Mvua ilikuwa imepungua. Awino, aliyekwama nyumba kubwa mvua yote, akarudi amekumbatia nguo na gunia, amelowa kuliko mimi. Akasimama pale akitutazama, mmoja ndani, mmoja nje, tunabishana kuhusu jicho la mbuta.

Akauliza, "Nyinyi mnaongea na nani?"

Tukamtafuta kuku kwa macho. Kuku alikuwa ameshaenda zake, hata sijui saa ngapi.

Ile nusu iliyokandwa? Tuliioka pia. Mama alikataa itupwe. Ilitoka ngumu kweli kweli, akaionja, akasema hiyo ni ya kuchovya kwa chai, italiwa na watu wenye meno.

Krismasi ilifika, tukaenda kanisani. Safari hii biskuti zilikuwa kwenye maboksi, safu moja moja, na mama mwenyewe ndiye aliyezishika mapajani, hakumpa mtu.

Mimi niliketi upande wa wanaume. Awino na mama yake walikuwa kule kwa kina mama. Baada ya ibada watoto walipanga foleni, kila mmoja akapewa samaki wake. Walikuwa wanajadiliana kama wavuvi, huyu ngege, huyu mbuta, mbona wako ni mkubwa. Kuna msichana mdogo alikataa kula wake, akamfunga kwa leso.

Mwenyekiti wa kina mama, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo, akachukua samaki mmoja akamgeuza geuza. Akauma. Akafunga macho.

Akamwuliza mama yake Awino mbele ya wote, "Min Awino! Hii umenunua wapi?"

"Kununua? Hii tumepika."

"Wewe na nani?"

Nilijua atasema yeye na Awino. Na nilikuwa nimeshakubali hilo moyoni, hata lingenitosha.

Mama mkwe hakutazama upande wangu, kwa sababu ya heshima. Alielekeza tu kidevu huku kwa wanaume.

Akasema, "Mimi na wuoda. Huyo wa Ntimaru. Yeye ni mwokaji, hii ndio kazi yake. Na ni kazi ngumu, msicheze."

Kwa msiojua Kijaluo, wuoda ni mwanangu wa kiume.

Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Ouma akanipiga bega akasema, "Omera, ndugu yangu, inuka, watu wanakuona." Nilipoinuka nilimwona Awino kule upande wa pili, ananitazama tu, uso wote umelowa machozi na anatabasamu.

Wakuu, nimeandika mengi, wacha nifikie nilichojifunza.

Mimi nilikuwa nadhani mama anadharau kazi yangu. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kuiona. Alikuwa akiona keki imekwisha, imepambwa, iko kwenye boksi, na mwanaume amesimama kando akitabasamu. Mtu aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote hawezi kuheshimu kitu ambacho haoni kazi ya mikono ndani yake. Siku alipotia vidole kwenye ule unga akaona unavyotaka adabu, mabishano yaliisha.

Kwa hivyo wale mnaopigania kukubalika na wakwe, acheni kuwapelekea zawadi zilizofungwa. Wapeni kazi waifanye na nyinyi, hata kama mmoja atasimama kwenye mvua.

Na kwa wale waliokuja kwa ajili ya mapishi tu: boksi, sio ndoo. Mikono baridi. Karafuu kidogo.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Nani amewahi kubanwa na heshima ya ukweni namna hii, na ulitokaje? Na nyinyi kina mama wakwe mliojificha humu ndani, semeni ukweli, nilikosea kumsemesha kuku?

Ngojeni kwanza. Simu inaita.

Awino ameangalia simu yake. Iko kimya. Sasa ananiangalia mimi, amefunika mdomo kwa mkono.

Ni ya kwangu inayoita, wakuu, na ni mama wa Mbita.